Neno Nililomnyima Raya

Mtaniambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Mtaniambia jua lilinipiga kichwani. Jua gani, chini ya miti ya Ngezi? Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, saa kumi za mchana, na anayetaka kucheka acheke. Mie yamenifika.

Raya ni shoga yangu tangu shule ya msingi. Gitaa la kwanza alilolishika lilikuwa langu, na vidole vyake nilivipanga mimi kwenye nyuzi, kimoja kimoja. Kisha nikaolewa, nikawa mwalimu Makangale, gitaa likakaa juu ya kabati linakula vumbi. Yeye akaendelea. Siku moja akatoa wimbo, kautunga mwenyewe, gitaa la umeme linalia na ngoma za roki chini yake: "Ukuta wa Chumvi". Wimbo mmoja tu, jamani! Kila duka Raya, kila simu Raya, kila harusi Raya. Wanafunzi wangu wakauimba darasani. Hata mume wangu, mtu asiyejua kusifu hata chakula, nilimkuta anaupigia mluzi huku ananyoa ndevu.

Roho iliniuma. Nasema kweli, iliniuma mpaka chakula hakipiti.

Mama yake, Bi Time, akaja kwangu na simu mkononi. "Sikiliza, mwanangu, kazi ya mwenzio." Nikasikiliza mpaka mwisho. Sasa, kwetu Pemba ukisifu cha mtu, mtoto, ng'ombe, hata kanga mpya, husemi "kizuri" ukanyamaza. Unatia Mashaallah, ili jicho lako lisidhuru. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nikasema, "Mzuri." Basi.

Bi Time akangoja. Nilijua anachongoja. Nikainuka, "Nikutilie chai, Bi Time?"

Akakunja uso. "Ahsante, mwanangu, nishakunywa." Akaondoka.

Kesho yake natoka shule, nikashika njia ya pembeni mwa msitu. Nikamkuta mwanamke amekaa juu ya gogo, amejifunga kanga mpya, amekunja miguu kama mtu yeyote. Kwato sikuziona, wala mkia, nisije nikakudanganyeni. Alikuwa anauvuma ule wimbo. Nikajisemea, hata huku!

Nikamtolea salamu. Hakuitika. Nikamuuliza, "Huo wimbo nao umekufika?"

"Umenipendeza," akasema. "Lakini nimekuja kwa ajili yako, mwalimu. Jana kuna neno lilikukwama." Akanyoosha mkono, akaniwekea kidole kooni. Baridi ile, wallahi, mpaka leo naisikia. "Liseme sasa, niende zangu. Usiposema, nakwenda kwake."

Mnadhani nilikimbia? Nilisimama. Akili zangu timamu, na neno liko hapa, ncha ya ulimi. Kisha nikakumbuka ule mluzi wa mume wangu. Nikafunga mdomo.

Akatabasamu, akaimba kiitikio kwa sauti ya Raya. Hakuwa anaigiza. Ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo mdogo anaoutia mwisho wa mstari. Akaingia msituni huku anaimba, nami nikaisikia sauti ya shoga yangu ikififia ndani ya miti mpaka ikaisha.

Sijafika nyumbani, simu ya Bi Time. Raya alikuwa anazungumza na wageni, maneno yakamkatikia kati. Madaktari walimchungulia koo, wakasema ni zima. Mwaka wa tano huu, hana sauti. Wimbo wake ni ule mmoja tu.

Siku ile ile nilikwenda kwa Raya mbio ili nilitamke lile neno. Mengine yote yalitoka: nisamehe, shoga yangu, nilikuonea kijicho. Lile halikutoka, wala halijatoka mpaka leo. Kuliandika naweza, kama mnavyoona. Lakini Ijumaa nikisoma Suratul Kahf, nikifika pale lilipo, ulimi unalala. Raya alinitazama tu, kisha akageukia ukuta.

Sasa nina binti wa miaka minne, na ana sauti, jamani, ana sauti! Kauokota dukani ule ule wimbo. Akiimba mbele ya majirani, wao hulisema, nami napumua. Tukiwa wawili tu namnyamazisha. Juzi kaniuliza, "Mama, kwani naimba vibaya?"

Ukiona cha mwenzio kizuri, ndugu yangu, liseme. Liseme hata roho ikikuuma, hata kama unalitoa kwa meno yaliyoumana. Na ukipita kwetu Makangale ukasikia mtoto anaimba, nakuomba, usipite kimya. Nisemee.