Matanga ya Mlango Wazi

Nimelala katika nyumba nyingi za watu, na nyingi nimezisahau. Ile ya Spånga, kule Sweden, haijanitoka. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, na mwenyewe alikuwa mama wa Uvira, Kongo, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee. Mimi ni mtu wa Kigoma, nilipanga chumba chake cha chini. Tulikuwa tumezaliwa kando ya ziwa moja, yeye upande wake na mimi upande wangu, kwa hiyo aliniita kaka kabla hata hajajua nafanya kazi gani.

Joto la nyumba lilitoka kwenye pampu iliyofungwa ukutani sebuleni. Sehemu yake ya pili, sanduku lenye feni, ilikaa nje chini ya dirisha. Tangu mwanzo ilinishangaza, maana ilichota joto kwenye hewa ya nje, hewa ambayo mimi niliona haiwezi kupasha hata kidole. Lakini ilifanya kazi. Barafu ikiwa imetanda uani, sisi ndani tulikaa na fulana.

Januari moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, ikaja simu kutoka Uvira. Kaka mkubwa wa mwenyeji wangu amefariki. Karatasi za ukaazi za mama huyu zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, hakuweza kusafiri. Alikaa ukingoni mwa kiti akiwa na sare ya kazi, akaniambia, "Kaka, sitamzika. Basi angalau nimlilie inavyotakiwa. Watu waje, wakae, nimsimulie."

Inavyotakiwa maana yake ni mlango wazi. Kwao, kama kwetu, nyumba yenye msiba haifungwi. Anayekuja kulia habishi hodi, na mlango uliofungwa humwambia arudi alikotoka.

Jumamosi hiyo baridi ilishuka mpaka nyuzi ishirini na zaidi chini ya sifuri. Akina mama wa Kikongo walifika kutoka mtaa wa Bredäng na masufuria ya maharage yaliyofungwa kwa mataulo. Kutoka mtaa wa Rissne akaja mzee mmoja Mganda, aliyeingia Sweden akiwa mkimbizi zamani sana na kubaki. Mlango ukazuiwa kwa kiti usijifunge. Watu wakakaa na makoti yao, mikono kwapani.

Baada ya muda pampu ikaacha kupuliza. Ikanyamaza kabisa. Nje ya dirisha ukapanda mvuke mzito.

"Nayo imekata roho," alisema mzee.

"Mzee, chunga mdomo, uko kilioni," mama mmoja wa Bredäng akamjibu.

"Nimesema mashine. Marehemu sijamgusa."

Ikawaka tena, ikapuliza hewa vuguvugu, kisha ikanyamaza tena. Mtu akaipandisha mpaka mwisho, isisaidie kitu. Mama wawili wenye watoto wachanga wakaaga, wakisema watarudi baridi ikipungua. Niliona mwenyeji wangu alivyowafuata kwa macho mpaka barabarani. Wakiondoka wengine watatu wanne, matanga yangekuwa yamevunjika kabla kaka yake hajatajwa.

Binti wa mwenyeji wangu akamwambia kwa Kiswidi afunge mlango. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, "Mjomba wako hafungiwi mlango."

Yule binti akavuta kofia masikioni.

Ni mlango huo huo uliomleta jirani. Alikuwa bibi wa Kiswidi wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka yote tuliyokaa pale hakuwahi kupita zaidi ya kutusalimu kwa kichwa ng'ambo ya ua. Aliona mlango umeachwa wazi kwenye baridi ile, akaona mvuke, akadhani kuna ajali. Akaita kutoka kwenye ngazi. Hakuna aliyeitika, maana kwetu aliyefika huingia tu. Basi akaingia, akakuta chumba kimejaa watu wenye makoti na macho mekundu.

Alivua viatu, akampa kila mtu mkono, mmoja baada ya mwingine, akakaa. Mwenyeji wangu akamweleza kwa Kiswidi habari za kaka yake. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akaitazama pampu.

Haijaharibika, alisema. Hata katika baridi kama hii nje kuna joto, ila ni kidogo, na pampu hulikusanya kama mtu anayeokota kuni katika msitu uliokwisha kuokotwa. Sanduku la nje likishika barafu, pampu husimama iiyeyushe, na mvuke tuliouona ndio huo. Hata pampu yake mwenyewe leo imelegea, inahitaji msaada wa moto. Lakini mlango ukiwa wazi, yetu inapasha joto barabara nzima.

"Nikifunga, watajuaje kwamba wanakaribishwa?" mwenyeji wangu akamuuliza.

Bibi akavaa viatu, akatoka. Tukadhani tumemuudhi.

Alirudi na kikapu cha kuni na makopo mawili ya nta yenye utambi mnene. Kuni alizitia katika jiko la chuma la pembeni, ambalo sisi tulilifanya meza ya maua. Makopo akayaweka kwenye theluji, kila upande wa ngazi, akayawasha. Hapa kwetu, alisema, mtu akiuona moto huu mlangoni anajua ndani kuna watu na anasubiriwa.

Mwenyeji wangu aliitazama ile miali. Kisha akakiondoa kiti mwenyewe, akafunga mlango.

Kundi jingine la Bredäng lilipofika tuliwasikia wakisita nje. "Ndipo hapa? Mbona kama arusi?"

Mzee akachungulia. "Ingieni. Ni kilio cha Kiswidi."

Mwenyeji wangu akacheka, mara ya kwanza wiki ile, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti bila kujizuia, akina mama wakamshika. Pampu ilikuwa inapuliza kidogo kidogo, jiko linalia kwa kuni. Mmoja baada ya mwingine watu wakaanza kuvua makoti.

Aliponyamaza, akajipangusa uso, akaanza kusimulia kwa Kiswahili: kaka yake alikuwa fundi baiskeli, na msimu wa mvua alimpeleka shule kwenye keria ya baiskeli, yeye amefunikwa kwa nailoni, kaka analowa. Bibi hakuelewa neno hata moja. Alikaa mpaka mwisho.