Nimemchagulia Mke wa Rafiki Yangu Matembezi ya Mexico, ila Siku ya Nne Nimemdanganya

Ndiyo Admin, Mexico nimefika, siyo stori ya baa. Umeuliza ushahidi? Sikio langu la kushoto, nusu haipo. Ile nusu ilibaki kule, kwa hiyo mimi ni mtu wa Yeoville, Joburg, mwenye kiwanja Mexico. Wateja wakiniuliza nawaambia mke alining'ata. Posti, lakini jina langu ficha.

Nina miaka 38, mzaliwa wa Uvira, shule niliacha darasa la tano. Nauza chaja, soksi na miwani ya jua hapa Yeoville, na watu wananijua kwa kuchekesha. Leo mucheke kidogo, halafu munisikilize.

Miaka sita nyuma mimi na rafiki yangu Dido tulitoka Joburg kwenda Marekani kwa ile njia munaijua: Brazil, msitu, miguu, mpaka Mexico. Dido aliacha mke Soweto, Thandeka, Mzulu, na mtoto mdogo. Nikarudi peke yangu. Thandeka akaniuliza, "Bhuti, kaka yangu, mume wangu yuko wapi?" Nikamwambia alizama baharini Cancun, tulikuwa tumepata kazi ya hoteli, maji ya buluu kama kwenye kalenda, hakuteseka. Nilimchagulia rafiki yangu kifo kizuri. Sisi kwetu mtu akifia mbali munaweka matanga, munalia, munakula, basi. Nani anauliza ni wapi hasa?

Eish, Wazulu wanauliza.

Sasa Thandeka anauza bima kwa simu, ofisi iko Randburg. Ameuza mpaka bosi anampeleka yeye na wenzake kupumzika Cancun siku saba. Wiki iliyopita kaja kwenye meza yangu na simu, picha za matembezi zimejaa. Kila siku unachagua moja.

"Bhuti, wewe ndiye unajua Mexico. Kasa au mapiramidi?"

"Kasa, shemeji. Piramidi ni ngazi tu, na wewe na hayo magoti yako..."

"Voetsek, toka hapa!" Anacheka. "Haya, kasa. Siku ya pili boti ya kisiwani. Ya tatu hii ya kuteleza kwenye kamba juu ya msitu?"

"Hiyo acha. Msitu wa kule hauna raha."

"Sharp, sawa. Ya nne usiguse, ya nne ni ya Dido."

Nikauliza vipi ya Dido. Akanieleza kama anavyomweleza mteja, polepole. Anabeba tawi la mti wao wa miiba, wanauita umlahlankosi. Anakwenda pale pale mtu alipofia, anamwita jina, roho inashika tawi, wanarudi nyumbani wote. Kwenye gari na kwenye ndege unamlipia kiti chake. Njiani unamwambia, sasa tunavuka mto, sasa tumefika kwenye robot, taa ya barabarani ni nyekundu, tulia. "Nikimwita mahali siyo pake hainuki," akasema. "Nitaleta kuni nyumbani. Baba yangu amesema mtoto hatapata amani mpaka baba yake arudi. Nionyeshe kwenye ramani, bhuti."

Nikaweka kidole. Ufukwe wowote tu. Akapiga picha kidole changu.

Ukweli sasa. Dido hakuona bahari ya Cancun hata kwa mbali. Alianguka kusini kabisa, karibu na mpaka wa Guatemala, kando ya reli, kwenye tangi la maji lililopinduka. Wanaume wanne, mapanga matatu, bunduki moja, saa nne asubuhi, jua kali. Walichukua viatu, simu, hata mkanda wa Dido. Walipoona hatuna ndugu wa kupigiwa simu atulipie, wakataka sinema. Wakatupa chuma kimoja katikati yetu, wakaonyesha kwa vidole: mmoja ataondoka.

Dido akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Chukua weye. Nipige kidogo, nitaanguka, nitajifanya nimekufa." Hata akatabasamu. Nikampiga begani, pigo la kirafiki. Wale jamaa wakacheka, halafu mmoja akanishika kichwa akapitisha panga. Nusu ya sikio ikaanguka kwenye mawe ya reli, niliiona, ndogo kama biskuti. Damu ikanijaa shingoni. Ndipo nikampiga Dido kichwani kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa. Akaanguka kwa uso. Wakapiga makofi, wakanisukuma niende. Nikakimbia miguu wazi, sikugeuka.

Siku mbili baadaye, pale wanapolala wasafiri, Waburundi wawili waliopita ile reli walisema wameona maiti ya Mwafrika, shati la njano, kando ya tangi. Shati la Dido. Sijui aliuawa na wale wa mapanga baada ya mimi kukimbia, au alikuwa ameshakufa kwa mkono wangu. Alisema atajifanya. Mimi sikuangalia.

Ndege ya Thandeka ni Jumanne. Atasimama mchangani na tawi, wazungu wanaota jua pembeni, ataita jina la mtu asiyekuwepo. Nikisema ukweli, atataka kwenda relini, na wale wanaume bado wana mapanga. Nikinyamaza, Dido anabaki kule. Nifanye nini, ndugu zangu? Munitukane lakini munijibu.

Na kama kawaida yangu, nina dili. Weye unayesoma hii ukiwa kule kusini mwa Mexico, najua mupo, Wakongo na Waburundi. Nenda mchana, nenda mukiwa wengi. Kata tawi la miiba, simama kwenye lile tangi, sema: Dido wa Thandeka, inuka, mkeo yuko baharini. Panda naye basi, mlipie kiti cha dirishani, anapenda dirisha. Mfikishe Cancun siku ya nne. Siku hiyo nitampigia Thandeka, nitamwambia yote, mpaka sauti ya ule mfupa. Weye umlete, mimi niseme. Tumeelewana?