Mashimo Kumi na Moja

Baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha mbao, alirudi nyumbani, kijijini Yakobi, na futikamba, timazi na koti lake la kazini. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, na bati, ambazo zamani hukuzipata bila kibali, zikawa zinapangwa nje ya maduka kule mjini, mtaa wa Ramadhani. Akasema sasa atajenga banda la ng'ombe wa mama, la nguzo, kwa mikono yake mwenyewe.

Mama tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Ng'ombe wake wawili walilala chini ya turubai, na baridi yetu haina huruma. Niliona banda ni namna ya baba ya kumlilia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu. Kila asubuhi tuliketi jikoni na daftari. Nguzo nane za mti wa mlingoti, nne kila upande. Futi kumi toka nguzo hadi nguzo. Mashimo ya futi tatu.

"Kinachobomoa banda ni upepo," aliniambia. "Ukisahau mbao za mshazari, kenchi zote zitalala upande mmoja."

Alinifundisha kupima kona: futi tatu huku, nne kule, na kamba ya kuziunganisha ikisoma tano, kona imekaa sawa. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi hicho.

Siku moja nikamuuliza mlango tuuweke wapi.

"Muulize mama yako. Si ndiye anayekamua?"

Nilidhani ulimi umeteleza. Kesho yake akasema vilevile. Siku ya tatu akanifokea: "Nimekutuma tangu juzi!"

"Baba, mama hayupo."

"Kaenda wapi?"

Nikamwambia. Alikaa chini palepale akalia kama mtu anayepokea habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nami nililia, ila kwa kuogopa.

Sikurudia tena kumwambia. Aliponituma safari nyingine, nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye kabichi mpaka pumzi ikatulia, kisha nikarudi.

"Mama anasema mlango uelekee jikoni."

"Vema," akasema, akaandika.

Wiki iliyofuata alianza kuchimba. Kaka yangu, aliyekuwa na gereji Makambako, alikuja na dumu la oili chafu ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Nilikuwa sijamwambia lolote. Alimkuta baba amesimama katikati ya mashimo kumi na moja, mengine yameachana hatua moja tu. Baba akavua kofia kama anavyovua kwa mgeni.

"Kamwene," akamsalimu.

Kaka akacheka, akidhani ni utani. Kisha akanitazama, na kicheko kikakatika. Dumu alikuwa bado amelishika.

Jioni ile tulifukia mashimo yote. Kesho yake tukapima upya kwa kufuata daftari, na majirani wawili wakatusaidia kusimamisha nguzo. Baba alikaa kwenye kiti juani, anatutazama. Siku tulipomaliza kupiga bati alinyanyuka, akalizunguka banda, akaisukuma kila nguzo kwa bega lake.

"Banda la nani hili?"

"La mama," nikajibu.

"Fundi wake anaijua kazi. Mwambieni aje anisaidie na mimi. Nina banda nataka kujenga."

Kaka aliingia ndani ya banda, akakaa humo muda mrefu.

Majibu yalipotoka, nilichaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya mbali. Sikwenda. Nilikamua ng'ombe, nikamlisha baba, nikamwogesha, miaka mitatu. Wapo walioniambia nimejipotezea maisha. Sijui, pengine walisema kweli. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akiniita dada. Nilikuwa naitika.