Salamu za Mama, Nusu ya Kiswahili

Shughuli nzima ilitugharimu siku mbili za soko, kuku mmoja mwekundu, sekunde sabini za televisheni ya umma, na dada pekee wa mama yangu. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu kila nikifika kwa yule dada naona nimekosea mahali. Naanza tena. Jibu ni lile lile.

Mama anaishi nami hapa Gisenyi, juu kidogo ya Nengo, upande usio na hoteli. Dada yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, anaishi Goma, Kongo, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukiondoa foleni ya mpakani. Mimi nauza viazi vya Mudende na ninavuka navyo karibu kila siku, kwa hiyo kwa miaka mitano nimekuwa nikivusha pia maneno ya wanawake wawili wasiosemezana. Viazi vina bei. Maneno nimevusha bure, na ndiyo mazito.

Walikosana kwenye arusi ya binamu yangu, huko Nyundo. Zawadi zilipokuwa zinapokelewa, mama alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, wageni wa Goma wote wakisikia, kwamba dada yake amekuja mikono mitupu, amevaa tu. Mama mkubwa alijifunga kitenge chake vizuri akaondoka kabla ya chakula. Siku ya tatu ndipo tulipokuta seti yake ya masufuria kwenye stoo ya parokia, ilikokuwa imetangulia na gari la vinywaji, jina lake limeandikwa juu ya katoni. Mama akajua kosa lake. Wale wageni hawakujua.

Tangu hapo mama mkubwa ana sharti moja tu, kwa Kiswahili chao cha Goma, ambacho watu ni "batu". "Alinisemea mbele ya batu, aniombe mbele ya batu." Simu hataki. Barua hataki. Nilimwambia mama aende kwake na wazee wawili, mama mkubwa akauliza wazee wawili wamekuwa batu tangu lini. Ilihitajika arusi nyingine ya ukubwa ule ule, na ukoo wetu umeishiwa na wa kuoa.

Ndipo ikaja televisheni.

Nyumbani tuna televisheni moja na lugha nne, sawasawa na taifa. Mume wangu alisomea Kongo, anataka habari za Kifaransa, hata kama ni zile zile alizokwisha kuzisikia kwa Kinyarwanda. Watoto wanataka Kiingereza kwa sababu shule inasema hivyo. Kinyarwanda tunakisikiliza wote. Kiswahili ni cha mama, na kidogo changu, kwa kuwa nilisomea Tanzania, ndiyo maana naandika hivi na si kama anavyosema yeye. Kwenye ratiba Kiswahili huja mwisho, kifupi, kama mgeni aliyekuta sahani zimeoshwa. Mama hukingoja kwenye kiti chake bila kulalamika. Kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine, hata yeye akiwa kanisani.

Mwezi uliopita, mwisho wa kipindi chake, walitangaza kwamba watakuja Rubavu, wilaya yetu, kurekodi salamu za watu wa mpakani kwa ndugu zao wa ng'ambo. Mama alizima televisheni. Hajawahi kuizima yeye, siku zote hutuma mtoto.

"Mbele ya batu," akasema. "Ile iko batu ngapi?"

"Nchi nzima, mama. Na Goma inashika."

"Bon. Nitasema."

Nilikwenda mimi kwanza, kupatana. Waliweka meza chini ya mahema karibu na ufukwe, na mtayarishaji wa kipindi cha Kiswahili alikuwa binti mmoja mwenye Kiswahili cha Dar na macho ya mtu aliyelala garini.

"Kila mtu sekunde thelathini na tano, dada."

"Mama yangu akivuta pumzi tu hizo zimeisha. Tupe dakika moja na nusu."

"Dada, hapa si sokoni."

"Basi dakika na robo, na sitamwambia mtu."

Alicheka kwa uchovu. "Kipindi chetu hakina zaidi ya thelathini na tano. Ila wenzangu wa kipindi cha Kinyarwanda nao wako hapa, wanatafuta salamu. Bibi akisema nusu kwa Kinyarwanda, atapata thelathini na tano nyingine za kwao."

Nikapiga hesabu. Sabini. Nikasema tumekubaliana, haraka, kama mtu anayeogopa muuzaji asije akagundua ameuza chini ya bei. Alisema "chetu" na alisema "kwao", nilisikia vyote viwili. Lakini kwenye viazi nusu gunia na nusu gunia ni gunia, na mimi nilikuwa nimeshafunga mdomo wa gunia langu.

Siku mbili sikufungua meza. Tulikaa uani, mimi na saa ya simu, mama na orodha yake. Mgawanyo niliufanya mimi, na hilo nalikubali. Majina ya ndugu tuliyaweka kwenye Kinyarwanda, kwa kuwa wengi ni wa huku na wa Masisi, ambako nako Kinyarwanda ni cha nyumbani. Msamaha tuliuweka kwenye Kiswahili, kwa kuwa tusi lilikuwa la Kiswahili na majirani wa mama mkubwa wangetaka kuelewa bila mkalimani. Kinyarwanda kikatangulia, Kiswahili kikafuata, maana kwenye salamu za redio tulizokulia, mtu wa maana kuliko wote huachwa mwisho.

Mara ya kwanza alitumia dakika mbili na bado alikuwa kwa wajomba.

"Mama, mchungaji tumtoe. Ni sekunde tatu."

"Nikimuruka muchungaji, siku ya Mungu nitaketi wapi?"

"Sekunde tatu, mama."

"Sekunde ni zako. Muchungaji ni wangu."

Mchungaji akabaki. Tukamtoa fundi cherehani na wifi mmoja ambaye hata hivyo hana televisheni. Majina kumi na manne.

Siku ya kurekodi alivaa kitenge cha arusi ile ile ya Nyundo. Aliyataja majina kwa Kinyarwanda, yote kumi na manne, mkono mmoja umeshika mwingine. Akanyamaza kidogo, kama nilivyomfundisha, halafu akageukia Kiswahili.

"Dada yangu. Ile siku ya arusi nilisema ulikuya mikono mitupu. Haikukuwa kweli. Masufuria yako iko, banapikia batu mingi. Ni mi nilikosa. Nakuomba musamaha mbele ya bote."

Sekunde sabini na moja. Mpiga picha aliangalia pembeni. Mtayarishaji alimshika mama mkono akamwambia, "Asante bibi," kisha akanigeukia akaniambia mambo ya urushaji: Kinyarwanda ni Ijumaa saa moja na nusu jioni, Kiswahili zamu yake ikifika, atanipigia. Niliitikia kila neno. Nilikuwa naangalia simu kama ile sekunde moja ya ziada itatuletea shida.

Jumamosi yake nikavuka na viazi, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa. Nikamwambia: Ijumaa, saa moja na nusu. Atakuomba mbele ya watu.

Hakutabasamu, siyo desturi yake. Aliuliza tu, "Batu ngapi naweza kuita?"

"Wote wanaoenea."

Basi akaita. Haya niliyajua baadaye, kutoka kwake mwenyewe. Aliazima mabenchi mawili ya kanisa. Alitia mafuta kwenye jenereta kwa kuwa umeme wa pale hauna ahadi. Aligeuza antena upande wetu, akawaketisha majirani ishirini na mbili, wakiwemo watatu waliokuwa Nyundo siku ile.

Huku kwetu kuku mwekundu alichinjwa na kila mtu akaruhusiwa kula mbele ya televisheni. Saa moja na nusu mama akatokea, mkubwa kuliko alivyo, ziwa nyuma yake. Watoto walipiga makofi. Majina yakapita. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza: kumi na mbili, kumi na tatu, mchungaji. Na badala ya ule ukimya mfupi, akatokea mzee mmoja wa Mudende anamsalimia mwanawe anayesoma Butare.

Mama alingoja. Yule mzee akamaliza, akaja mwingine.

"Na ingine?" akauliza mama.

Hapo ndipo "chetu" na "kwao" zilipokaa mahali pake kichwani mwangu. Vipindi viwili. Siku mbili. Nilikuwa nimeununua msamaha nikaukata katikati, na nusu niliyomwambia mama mkubwa aitie watu haikuwa nusu yake.

Asubuhi nilivuka bila viazi. Askari wa Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani, aliniuliza leo naenda kuuza nini. Nikasema sijui bado.

Mama mkubwa alikuwa anafuta mabenchi kabla ya kuyarudisha. Hakuniambia karibu, lakini hakuniambia ondoka.

"Majirani yangu hawasikie Kinyarwanda muzuri," akaanza. "Donc nilikuwa nabatafsiria. Jina kwa jina. Huyu ni muyomba wetu. Huyu ni mutoto wa muyomba. Bananiangalia, banangoja jina yangu. Mi naendelea kutafsiri. Majina kumi na ine."

"Najua, mama mkubwa. Niliyahesabu."

"Alisalimia hata muchungaji."

"Najua."

"Sasa mbele ya batu ishirini na mbili, mi sina ndugu. Zamani ilikuwa tu mikono mitupu."

Nilimweleza. Nusu mbili, vipindi viwili, kosa ni langu, jina lake limeachwa mwisho kwa heshima. Alisikiliza, kitambaa kikiwa mkononi. Nilipomaliza alisema, "Heshima iko na saa yake?" Nikamwambia nitamletea ile nusu nyingine kwenye simu, leo leo, nimwombe mtayarishaji anitumie.

"Simu ni ya sikio moja."

"Ukiisikia wewe haitoshi?"

"We mutoto, mi nilishajua makosa yake tangu siku ya arusi. Najua masufuria yangu iko. Benyewe njo hawajue." Akaonyesha mabenchi ya wale majirani, ambayo sasa hayakuwa na mtu. Halafu akasema kwamba hatawasha tena televisheni ya kwetu, na kwamba antena ameshaigeuza. Niliinua macho. Kweli ilikuwa imeangalia Bukavu, si kwetu.

Nyumbani nako hakukuwa nafuu. Nilidhani mama ataomba kurudia, tukatafute njia nyingine. Alikuwa kwenye kiti chake, kitenge cha arusi kimeshakunjwa.

"Mi nilisema," akaniambia. "Ulikuwa hapo. Kamera ilikuwa hapo. Musamaha nimeomba, kama haijafika ni ya wewe na televisheni."

"Mama, sema tena, hata kwa simu."

"Nilisema mara moja, na mara moja ilinichukua miaka tano."

Nikampigia mtayarishaji. Nilijaribu kila ninachojua: nikasifu kazi yake, nikamweleza hali, nikaomba Ijumaa ijayo saa moja na nusu, nikashuka hadi Jumapili jioni, nikashuka tena. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wanunuzi wangu hawafanyi. Akasema saa hiyo ni ya Kinyarwanda, inayofuata ni ya Kiingereza, inayofuata ni ya Kifaransa, na akimpa mtu mmoja dakika ya mwenzake kesho atakuwa na wanne mlangoni. Ndivyo ninavyosema mimi sebuleni kwangu kila jioni, na rimoti iko mkononi mwangu.

"Salamu za bibi ziko kamili, hazijakatwa hata neno," akasema. "Ni Jumanne ijayo, saa sita na nusu mchana. Pole, dada. Nilikuambia siku ile."

Aliniambia, ndiyo.

Saa sita na nusu mchana ya Jumanne majirani wa mama mkubwa wako sokoni Virunga, huko huko Goma, kila mmoja kwenye meza yake. Mama mkubwa atakuwa kwake, na televisheni imezimwa. Mama yangu atakuwa kwenye kiti chake, atajisikiliza, na baada ya hapo ataona amelipa, hatadaiwa tena. Nusu ya Kiswahili itapita mara moja, na sijasikia kwamba salamu hurudiwa.

Nimefikiria jambo moja. Pale sokoni kuna mwanamume anayechaji simu za watu, ana televisheni ndogo ya kuonyesha mpira. Nimeshaongea naye, amekubali kuiweka kwenye chaneli yetu kwa robo saa, na sikubishana naye bei, jambo lililomtia wasiwasi. Naweza kuwakusanya majirani pale, wale ishirini na mbili au wanaopatikana, hasa wale watatu wa Nyundo, wasikie kwa masikio yao. Tusi lingeondoka mbele ya watu, kama alivyotaka.

Lakini yeye asingekuwepo. Watu wangesikia msamaha wake kabla yake, wangefika nyumbani wakimhadithia habari zake mwenyewe, na mimi namjua: anaweza kusema ameombwa nyuma ya mgongo. Nikimwambia mapema na kumwalika aje akae pale mbele ya kioo, ataniuliza kama nimemwandalia benchi la pili la aibu. Na safari hii sina cha kumhakikishia ila neno la ratiba, ambalo nilishamuuzia mara moja likaonekana bovu.

Nimechoka kuvusha. Ninyi mlio na mama wakubwa, na mnajua mioyo yao inavyokaa, niambieni kabla ya Jumanne: nianze na majirani, au nianze na yeye?