Vita vya Kimaori Mchikichini

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipokuwa anauza chochote alichonacho, jirani yangu wa Ilala aliamua kuuza vita.

Alikuwa baharia mstaafu, mnene, mwenye pumu. Alidai meli ilimfikisha hadi kwa Wamaori, watu wa visiwa vya mbali huko Pasifiki, nao wakamfundisha mapigano ya mashujaa wao. Walimu wa karate walikuwa wamejaa mjini. Wa Kimaori hakuna aliyekuwa naye. Soko huria hilo.

Mimi nilikuwa nauza suruali za mitumba Mchikichini, na vibaka walinizoea kama shangazi yao. Nikajiandikisha. Wenzangu walikuwa fundi cherehani na karani aliyepunguzwa kazini, ambaye nadhani alikosa tu pa kwenda asubuhi.

Mazoezi yalikuwa Jangwani, kunapopambazuka, kila mtu na mpini wake wa jembe.

"Piga paja! Kanyaga ardhi! Toa macho! Ulimi nje!" mwalimu alifoka, kisha akakaa chini kutafuta pumzi.

Wiki mbili nzima tulitoa ndimi. Nilipouliza lini tutajifunza kumpiga mtu, akanijibu, "Dada, adui akishakimbia, utampiga nani?"

Siku moja, mchana kweupe, kibaka akanyakua suruali tatu mezani kwangu. Mpini nilikuwa nimeuacha nyumbani, shujaa mimi. Nikapiga mapaja, nikakanyaga, nikatoa macho na ulimi, nikanguruma toka tumboni. Kibaka akaganda.

"Amepandisha!" muuza viatu wa jirani akapiga kelele. "Jini la baharini hilo! Leteni ubani!"

Kibaka akaziweka suruali chini taratibu, akasema, "Shikamoo, mama," akatimua mbio. Mimi nikanyunyiziwa marashi na kufukizwa hadi nikapiga chafya. Nilipoeleza kwamba ni mambo ya Wamaori, hofu ikazidi: jini limeshataja na kabila lake!

Jioni nikamweleza mwalimu. Alicheka mpaka kifua kikambana, halafu akawa mpole ghafla.

"Nikwambie kweli, dada. Kwao sikuwahi kufika. Melini tulikuwa na mpishi Mmaori. Akikumbuka nyumbani, alikuwa anatoka nje, anafanya vile peke yake huku analia. Mimi nikawa nasimama nyuma yake, namwigiza, asione yuko mwenyewe."

"Na mipini?"

"Mipini nimetunga."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, sasa nikakosa pa kuanzia. Wiki mbili nimetoa ulimi kwa ajili ya majonzi ya mpishi wa watu!

Kesho yake nilirudi Jangwani. Nikamwomba mwalimu tuachane na mipini, atufundishe yale ya mpishi tu, yote anayoyakumbuka. Akakubali upesi mno. Nadhani alikuwa ameshaishiwa cha kutunga.