Kofia, Mbwa wa Baba Peke Yake

Harufu ya mbwa aliyelowa umande, amelala karibu na mafiga huku manyoya yakitoa mvuke, watu wengi hawaipendi. Mimi nikiisikia hata leo narudi utotoni, kwetu juu kidogo ya Karatu, pale mashamba ya mahindi yalipoishia na msitu wa Ngorongoro ukaanza. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na baba alitokea ndani yake, mkuki begani, Kofia akimfuata nyuma. Kofia alikuwa mbwa wetu. Nasema wetu kwa mazoea tu, maana alikuwa wa baba peke yake, na hilo ndilo lililotuumiza.

Baba alimbebea bunduki kwa miaka mingi Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Oldeani, aliyependa kuwinda kanga na kwale kwa mbwa wake wenye masikio marefu. Mzungu yule alipouza shamba na kuondoka, alimwachia baba mtoto wa mmoja wa mbwa hao, ambaye baba yake alikuwa mzururaji wa kijijini asiyejulikana. Masikio yalimfunika mashavu, ndiyo maana tukamwita Kofia. Pamoja na mbwa, baba alirudi na mzigo wa maoni. Mbwa alishwe baada ya kazi, si kabla. Mbwa anayebweka kabla hajaona kitu ni mwongo, asiaminiwe porini. Lakini juu ya yote, mbwa wa kuwinda ajue mkono mmoja na mdomo mmoja: ale kwa mtu mmoja, amsikilize mtu mmoja. Sisi watoto tulikatazwa kumtupia hata mfupa. Kaka yangu Paskali alijaribu siku moja, nyuma ya zizi, kuiga mluzi ambao baba alimwitia Kofia, akachapwa fimbo mpaka akakoma. Mama alicheka akasema ndani ya nyumba ile kuna aliyeolewa zaidi yake.

Jumapili baada ya misa watu walikuja kuomba ushauri, wengine kutoka Kansay, watoto wa mbwa wakilia ndani ya vikapu. Baba aliwakagua meno na kuwapangia wenyewe namna ya kuwalea, na ilikuwa furaha yake kubwa. Mwenye duka mmoja wa mjini Karatu, Mwislamu ambaye hakutaka mbwa akanyage baraza lake, naye alikuwa na neno. "Mzoeshe na mama watoto, ndugu yangu," alimwambia. "Na wewe ni binadamu, kuna siku utaumwa." Baba akamjibu kwamba mbwa akisikiliza kila mtu, siku ya nguruwe atamsikiliza yeye saa ngapi. Tusimlaumu bure, maana nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi, na Kofia ndiye aliyetufanya tuvune. Aliwafukuza mpaka mwisho wa shamba, na mluzi ukilia mara moja tu aligeuka. Ndani ya msitu mbwa walikuwa wamekwisha kupigwa marufuku, lakini hakuna askari wa wanyama aliyewahi kumgombeza baba.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mahindi yakiwa yameanza kukomaa, baba aliugua kifua. Wakampakia kwenye lori kumpeleka hospitali ya Mbulu. Kofia alilifuata lori mpaka likampotea, akarudi ulimi nje. Jioni ile mama alimwekea ugali na maziwa. Akanusa, akageuka. Kesho yake vivyo hivyo. Mama alipiga magoti akambembeleza kama mtoto mgonjwa, "Kula, baba, kula kidogo tu," naye akamtazama kwa adabu bila kufungua mdomo. Mbavu zikaanza kuhesabika. Kisha akawa anapotea alfajiri na kurudi tumbo limejaa, damu imemkaukia puani, na chakula cha mama kiko pale pale. Alikuwa anaingia msituni kujilisha mwenyewe.

Askari aliyekuja nyumbani alikuwa mtu mpole, jirani aliyezoea kunywa uji wa mama. Alibaki amesimama. "Mama Paskali, mbwa wenu anakula watoto wa pongo kule msituni. Mkubwa wangu amekwisha kuona mizoga, na nimeambiwa nimpige risasi. Sasa twendeni wote mkamwite. Akija, mfungeni kamba mpaka mzee arudi, na mimi nitasema sikumkuta."

Tulimkuta amesimama ng'ambo ya njia iliyofyekwa kutenganisha mashamba na msitu. Mama alimwita. Kofia akatikisa mkia kidogo, kama mtu anayesalimia watu anaowajua kwa sura. Nikamwita mimi, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Tulipomsogelea, akarudi nyuma. Ndipo mama akasema, "Paskali, piga mluzi wa baba yako." Paskali akatia vidole mdomoni. Ukatoka upepo na mate. Akajaribu tena na tena, machozi yakimtoka, na Kofia akainamisha kichwa upande kusikiliza, kisha akaketi, macho yake yakitupita kuelekea barabarani. Yule askari alingoja mpaka jua likapanda. Mwishowe akasema polepole, "Mama, wapeleke watoto nyumbani." Tulikuwa bado kwenye shamba la maharage tuliposikia mlio wa bunduki.

Baba alirudi baada ya mavuno, yale kidogo ambayo nguruwe walituachia. Alishuka kwenye lori, na kabla hajafika nyumbani akapiga mluzi. Tuliusikia tukiwa jikoni. Mama aliacha kupepeta. Mluzi ukalia tena, karibu zaidi, na hakuna aliyetoka kumpokea, ingawa tulikuwa tumemlilia kila siku. Alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu, kama Kofia alikuwa na njaa. Mama akasema ndiyo. Baba hakufuga mbwa tena. Watu walipoleta vikapu vyao aliwaambia hajui lolote kuhusu mbwa, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu alijua mengi sana na alikosea moja.

Sasa barabara ni ya lami, magari ya watalii yanapita kwenda kwenye geti la hifadhi tangu asubuhi, na mjukuu wangu anaendesha mojawapo. Hakuna anayewinda. Tuna mbwa mmoja wa rangi ya udongo ambaye kila mtu humlisha: watoto, wageni, hata muuza maziwa. Mjukuu wangu humcheka. "Bibi, huyu mbwa gani? Hata mwizi akimwita anakwenda." Namwambia amwache. Ni kweli, hafai kitu. Lakini siku nikiumwa, atakula.