Tulivyopima kasi ya programu ya bure kwa nyimbo za kwaya, Migori

Wakuu, hamjambo humu. Nyinyi mnaotukana simu zenu kwa kuchelewa kidogo tu, vuteni kiti. Haya yalinipata mwenyewe, Migori mjini, mwishoni mwa miaka ya tisini. Chumvi sijatia, haihitaji.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye bureau ya Mzee Okeyo, kiduka cha kuchapia watu barua na kadi. Kompyuta ilikuwa moja, na ndani yake nilikuwa nimeweka programu ya kuandikia ya open source, ile ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani.

Ilikuwa tamu, ila kufunguka ilikuwa balaa. Wateja walichoka kungoja, wakavuka barabara kwa jirani mwenye taipureta.

Mzee akanipa neno lake: "Hii kitu ikiendelea kulala hivi, mimi nauza. Na wewe utarudi Masara kuponda mawe."

Masara ni kwenye machimbo ya dhahabu. Nilitoka huko na mgongo mbovu, na nilikuwa naogopa kurudi, sifichi.

Nikaenda Homa Bay, kwenye ofisi moja ya kanisa yenye barua pepe, nikawaandikia watengenezaji. Developer mmoja akajibu kwa upole: pima inachukua muda gani kufunguka, na uulize wateja wanataka feature gani, yaani programu iwafanyie nini zaidi.

Features zilimiminika. Mkulima wa Lambwe alitaka mashine imsomee barua kwa sauti kwa sababu miwani imebaki nyumbani. Jamaa wa Uriri alitaka ihifadhi kazi yenyewe kabla stima haijapotea. Itajuaje kama stima inataka kupotea? Hilo alituachia sisi.

Kupima sasa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa zamani, ya kompyuta haionyeshi sekunde, na mimi sina ya mkononi.

Lakini tulikuwa na Mama Perpetua, kiongozi wa kwaya, aliyetuletea ratiba za mazishi na kadi za harusi za kanisa lake. Akingoja mashine, anaimba. Nikaona kipimo ndicho hicho. Nikawa namripotia developer: leo imefunguka ubeti wa kwanza, leo ubeti wa nne.

Kumbe huko ng'ambo wanakuna vichwa! Mbona inabadilika hivyo? Ni joto? Ni memory? Developer akaniomba nieleze mazingira ya kila kipimo. Nikaeleza kwa uaminifu: siku za mazishi inafunguka ubeti wa kwanza, siku za harusi ubeti wa nne.

Jibu lake nililisoma nikiwa Homa Bay. Aliuliza kama mwimbaji huimba kwa mwendo uleule.

Nilicheka mpaka karani wa ofisi ile ya kanisa akaniletea maji. Mama akileta kazi ya mazishi anaimba polepole, akileta ya harusi anakimbia. Nilikuwa nimewaambia wataalamu kwamba programu yao inachangamka penye msiba!

Nikamwomba Mama aimbe mwendo mmoja siku zote. Akanikazia macho.

"Yawa, wuoda, mwanangu. Wimbo ya mazishi naimba aje haraka? Nani amekufa, kuku?"

Tukaelewana aimbe wimbo wa watoto wa shule ya Sabato, ule wa kupiga makofi, awe na mazishi au harusi. Vipimo vikatulia: ubeti wa tatu kila siku. Developer akanielekeza niondoe fonti zote za ziada, nipime tena. Ubeti wa kwanza! Mchawi akajulikana. Programu ilikuwa inapitia kila fonti kabla ya kufunguka.

Wakalirekebisha hilo, na version mpya ikaja kwa posta, kwenye CD. Mzee akasimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nikabofya kuifungua. Mama akapiga kofi la kwanza, akafungua kinywa, na ukurasa mweupe huo hapo.

Akabaki na kinywa wazi. Kisha akakasirika. "Sasa mimi nitaimba saa ngapi?"

Mzee, mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake, akavuta benchi. "Imba tu, Mama. Huyu haendi Masara."

Tukaimba beti zote, Mzee kwenye besi. Wateja wa taipureta wakavuka barabara kuja kuona kuna nini, na wengi hawakurudi kule.

Somo langu, wakuu: anayetengeneza akiuliza, mjibu kwa kipimo ulichonacho, hata kama ni wimbo. Mwambie tu ni wimbo gani.

Nyinyi mmewahi kupima kitu kwa kipimo cha ajabu? Leteni, na wenye kucheka wacheke.